Uniti 75: Somo la Joto, Feni na LUKU kwa Wanaopanga Mtaani

Muhula ukianza, ugomvi wa kwanza katika nyumba za kupanga sio wa vyombo wala wa zamu ya kufagia uwanja. Ni wa LUKU. Bumu likishaingia watu wanachanga kwa moyo mmoja. Ikifika wiki ya tatu, mmoja anahesabu feni ya mwenzake, mwingine anauliza nani alipiga pasi usiku, na mwenye friji anaangaliwa kama ndiye aliyeleta njaa duniani. Kisha umeme unaisha saa nane ya usiku, mwezi wa pili, joto limesimama chumbani, na kesho yake kuna jaribio.

Ugomvi huu hauishi kwa sababu tunabishana bila namba. Ndugu msomaji, makala hii ni somo, na kama mwalimu mtarajiwa nalitanguliza na malengo yake. Ukimaliza kusoma uweze: kwanza, kueleza joto linaingiaje ndani ya nyumba yako, pili, kukokotoa kila kifaa kinakula uniti ngapi kwa mwezi, tatu, kukaa na wenzako mkapanga matumizi na malipo bila kuvunja urafiki. Kalamu na kikokotoo cha simu vinatosha.

1. Ngazi ya joto: kutoka Zirai hadi baharini

Tuanze na jiografia, maana mkoa wa Tanga ni darasa zuri la joto. Kwetu Zirai, Usambara Mashariki, juu ya Muheza, hakuna anayeuliza bei ya feni. Watu wanauliza blanketi. Shuka na gari mpaka Muheza, kisha Tanga mjini, shati linagandana na mgongo kabla hujafika stendi. Umbali ni mfupi, ila kimo kimebadilika.

Kanuni ni hii: ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Amani, jirani zetu, wapo kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo Amani ina baridi kuliko Tanga mjini kwa nyuzi 5 hivi, mchana na usiku. Lushoto, iliyo juu zaidi, imezidi hapo. Wajerumani waliijua hesabu hii mapema. Mwaka 1902 waliweka kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani, na Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, wakaifanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Kiyoyozi chao kilikuwa mlima.

Sisi hatuwezi kuuhamisha mlima kwenda mtaani. Ila tunaweza kujifunza kitu kwenye nyumba zake. Nyumba ya zamani ya udongo na miti kule juu ina dirisha dogo na moto unawaka ndani. Moshi unapanda darini na kukausha mahindi. Kila kitu kimepangwa ili joto lisitoke. Ni akili nzuri kwa mahali penye ubaridi. Ukiichukua akili hiyohiyo ukajenga nayo pwani, madirisha madogo, jiko ndani, hewa haipiti, umejijengea tanuri. Nyumba nzuri ni ile inayojua iko wapi.

2. Jua linaingilia wapi?

Wengi wakiulizwa joto linaingia wapi wanajibu "dirishani". Jibu hilo ni nusu tu. Tanga ipo kwenye latitudo ya nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Kwa mahali hapo, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linasimama utosini kabisa. Desemba linainama kusini kwa nyuzi 18 tu, na Juni linainama kaskazini kwa nyuzi 28. Maana yake, mwaka mzima jua la mchana linapiga paa. Kuta za kaskazini na kusini zinakingwa kirahisi na upenu. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopata taabu, kwa sababu asubuhi na jioni jua liko chini na upenu haulizuii.

Sasa angalia geto lako. Paa la bati, halina dari, ukuta wa tofali za saruji, na dirisha moja tu linaloangalia machweo. Bati likipata moto linamwaga joto kichwani kwako moja kwa moja. Unaweza kulihisi ukinyoosha mkono juu saa nane mchana. Ukuta wa saruji nao unafanya kazi ya benki: mchana unapokea joto, usiku unalitoa na riba. Ndiyo maana saa nne ya usiku nje kuna kaupepo, ndani bado kunachoma.

Kutokana na hapo dawa zinajipanga zenyewe, kuanzia yenye faida kubwa:

Paa. Dari ya aina yoyote, ikiwa na matundu ya kutolea hewa ya juu, inakata joto la bati kabla halijakufikia. Bati lililopakwa rangi nyeupe linarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua badala ya kuumeza. Hii ni kazi ya mwenye nyumba, nitaigusa tena chini.

Ukuta na dirisha la magharibi. Kivuli kiwe nje, kisiwe ndani. Pazia la ndani linazuia mwanga, lakini joto limeshavuka kioo na sasa ni mgeni wako. Mkeka au turubai lililotundikwa nje ya dirisha kuanzia saa saba mchana linafanya kazi kubwa kuliko pazia la bei mbaya. Mpapai au migomba ikipandwa upande huo inatoa kivuli mapema kabisa. Mwarobaini unachukua muda, ila utamkuta mwanafunzi wa miaka kumi ijayo.

Upepo. Wazee wa pwani walijenga wakijua pepo zao. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba hivi hadi Machi, na ndiyo pepo ya miezi ya joto kali. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi. Upepo hauingii chumbani kama hauna pa kutokea. Dirisha moja peke yake ni mfuko. Mlango wa pili, au hata tundu juu ya mlango, linaligeuza kuwa njia. Usiku fungua madirisha yote, ukiwa na wavu wa mbu. Mchana, nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga upande unaopigwa na jua.

3. Feni haipozi chumba

Hapa ndipo wanafunzi wengi, hata wa sayansi, wanateleza. Feni haipunguzi joto la chumba hata chembe. Inachofanya ni kusukuma hewa juu ya ngozi ili jasho likauke haraka, na jasho likikauka linaondoka na joto la mwili. Anayepoa ni wewe. Chumba hakipoi.

Tena ni kinyume. Umeme wote unaoingia kwenye feni mwisho wake unageuka joto. Feni ya wati 60 ikiachwa inazunguka kwenye chumba kitupu kilichofungwa, inakipasha moto kidogo. Kwa hiyo ule usemi wa "niliacha feni chumba kipoe kabla sijarudi" ni kulipa pesa ili urudi kwenye joto zaidi. Isipokuwa kama feni imewekwa dirishani kutoa hewa ya ndani au kuingiza ya usiku. Hapo ina kazi.

Ndivyo ilivyo kwa kila kifaa. Balbu ya zamani ya wati 100 ni jiko dogo lililoning'inizwa juu, maana sehemu ndogo tu ya umeme wake inatoka kama mwanga. Balbu ya LED ya wati 9 inatosha chumba, na haikupashi moto. Binadamu aliyetulia naye anatoa joto la kama wati 100. Mkikaa watu wanne kusoma ndani ya chumba kimoja, mmewasha jiko la wati 400. Kasomeeni barazani.

4. Hesabu yenyewe

Fomula ni moja: wati za kifaa, zidisha kwa masaa ya matumizi, gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti. Wati zimeandikwa nyuma ya kifaa au chini yake.

Tuchukue nyumba ya wanafunzi wanne, mita moja, kila mtu na chumba chake. Hawapikii umeme. Kwa mwezi wa siku 30:

Feni nne za wati 60, masaa 10 kwa siku: 60 × 10 ÷ 1,000 = uniti 0.6 kwa siku. Mara 30 ni 18. Mara watu wanne ni uniti 72.

Balbu nne za LED za wati 9, masaa 5: uniti 5.4.

Simu na kompyuta mpakato: tuseme wati-saa 75 kwa mtu kwa siku. Kwa wote, uniti 9.

Friji moja ndogo, tuikadirie uniti 1 kwa siku: uniti 30.

Pasi ya wati 1,000, robo saa kila mtu kila asubuhi: uniti 0.25 × 4 × 30 = 30.

Maji ya kuoga. Hapa wanacheka wa pwani, ila watu wa milimani tunashuka na mazoea yetu. Ndoo ya lita 20 ukiitoa nyuzi 26 mpaka 40, hesabu ya fizikia inadai uniti 0.33, pamoja na joto linalopotea, weka 0.4. Kwa watu wanne kila siku: uniti 48.

Jumla: 72 + 5.4 + 9 + 30 + 30 + 48 = uniti 194.4.

Angalia vizuri. Simu, ambayo ndiyo inayogombewa soketi, ni kitu kidogo sana. Mwanga nao ni kidogo. Wanaomaliza LUKU ni kile kinachotengeneza joto, yaani pasi na maji ya moto, pamoja na kile kinachofanya kazi masaa mengi, yaani feni na friji. Nyumba nyingi zinagombana kuhusu balbu ya choo wakati mtu ameshika jagi la umeme mkononi.

5. Maana ya uniti 75

Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, kundi linaloitwa D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kawaida, T1, analipa shilingi 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza. Ongeza asilimia 18 ya VAT, 3 ya umeme vijijini na 1 ya EWURA. Unapata kama shilingi 122 kwa uniti ya D1 na 356 kwa ya T1. Ndiyo maana nyumba moja ikinunua umeme wa 1,000 inapata uniti 8 na ushee, na ya jirani inapata 2.8. Sio uchawi. Ni kundi.

Nyumba yetu ya uniti 194.4, ikiwa T1, inalipa kama shilingi 69,200 kwa mwezi. Zaidi ya 17,000 kwa kila mtu.

Sasa tupange upya. Kivuli kikiwekwa nje na madirisha yakifunguliwa usiku, feni ziende masaa 6 badala ya 10: uniti 43.2. Pasi ipigwe kwa pamoja, masaa mawili tu kwa wiki kwa nyumba nzima: uniti 8 na kidogo. Maji ya kuoga yaachwe juani kwenye ndoo nyeusi yenye mfuniko. Ikifika jioni jua limeshamaliza kazi. Balbu 5.4, simu na kompyuta 9. Jumla bila friji: kama uniti 66. Kwa T1 ni kama shilingi 23,500. Kwa D1 ni kama 8,000, yaani 2,000 kwa mtu.

Rudisha friji: 96. Umeshavuka mstari.

Kwa hiyo mzizi wa mabishano ya geto ni friji. Na mara nyingi ukiifungua unakuta chupa nne za maji na nyanya mbili. Kwa maji ya kunywa, mtungi wa udongo bado una akili. Maji yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo, yanakauka nje, na yakikauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ni kanuni ileile ya jasho na feni. Uweke kivulini penye upepo, juu ya kitu chenye nafasi chini, usiufunike na nailoni. Pwani hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo hautapata barafu, ila utapata maji yanayonyweka. Kama friji ni lazima, kwa mfano mwenzenu anahifadhi dawa, basi ibaki, iondoke kwenye jua na isogezwe mbali na ukuta ipumue nyuma.

6. Jikoni ndiko kwenye nishati

Tusijidanganye kwamba nishati ya nyumbani ni umeme peke yake. Nyumba nyingi za Tanzania bado zinapikia kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameingia kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kwetu Usambara jambo hili lina uzito wa pekee. Msitu unaokatwa kuni ndio unaoshika maji. Mto Sigi unatoka Usambara Mashariki, unaingia bwawa la Mabayani, na hayo ndiyo maji ya Tanga mjini. Mafiga matatu yanamwaga joto pembeni. Jiko banifu la udongo linaliweka chini ya sufuria. Anayejenga jiko banifu Zirai amemsaidia mtu wa Tanga kuoga.

Kwa anayepanga mjini, kanuni ni mbili. Kwanza, pika kwa joto kidogo. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva mapema. Sufuria yenye mfuniko inashinda isiyo nao. Yakishachemka vizuri na kulainika, zima moto, funika, zungushia mablanketi ndani ya kapu au boksi. Yanaendelea kuiva yenyewe. Kwa maji, kumbuka uniti 1 inachemsha kama lita 10. Ukichemsha lita mbili ili unywe kikombe kimoja, umelipia lita mbili. Anayemudu jiko la presha la umeme asiogope wati 1,000 zilizoandikwa pale. Linajizima na kujiwasha, na joto lake halitoki.

Pili, pikia nje au barazani. Joto la jiko likibaki chumbani, utalilipia tena kwa feni. Na onyo moja ambalo sio la pesa: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kulala nalo, hata huko Lushoto mwezi wa saba baridi inapobana. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na watu wamelala hawakuamka.

7. "Si tuna bwawa la Nyerere sasa?"

Swali hili huulizwa kila mada ikiguswa. Ni kweli, bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115 na lilianza kutoa umeme Februari 2024. Linganisha na mitambo yetu ya mto Pangani: Hale ya mwaka 1964 ina megawati 21, na New Pangani ya mwaka 1995 ina 68. Tofauti ni mbingu na ardhi.

Lakini umeme kuwepo Rufiji hakupunguzi bei ya uniti kwenye mita yako. Bumu halijaongezeka kwa sababu mto umefungwa. Pia kila mtu akiwasha saa moja jioni, nguzo, nyaya na transfoma za mtaani ndizo zinazolemewa, hata kama bwawa limejaa. Kubana matumizi nyumbani sio kuonesha kwamba nchi ni maskini. Ni kukataa kununua kitu usichokitumia.

8. Kugawana bila kugombana

Kugawana LUKU kwa vichwa ni rahisi, ila sio haki. Asiye na feni anamlipia mwenye feni mbili. Napendekeza hivi. Vitu vya wote, kama taa ya korido na friji ya wote, vigawanywe sawa. Vitu vya mtu vihesabiwe kwa fomula, viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani mwanzoni mwa muhula, kabla ya hasira. Mtu akileta kifaa kipya, karatasi inasahihishwa mbele ya wote.

Kwa mwenye nyumba, msiende kulalamika joto. Nendeni na hesabu. "Mama, shikamoo. Tunaomba dari na rangi nyeupe juu ya bati. Sisi tutachangia nguvu kazi, na tunakubali kukaa mwaka mzima." Mwenye nyumba anajali mpangaji asiyehama. Hapo mna kitu cha kuzungumza. Na Waziri wa Malazi katika serikali yetu ya wanafunzi, anapokagua nyumba za kuwapangishia wanafunzi, aongeze maswali matatu kwenye fomu yake: kuna dari? Dirisha linaangalia wapi? Mita ipo kundi gani, na wangapi wanaitumia? Majibu hayo yatamwokolea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pesa nyingi kuliko hotuba.

Zoezi la wiki

(a) Soma uniti zilizobaki kwenye mita kila siku saa moja asubuhi, kwa siku saba. Andika. Siku ipi imekula zaidi, na siku hiyo nani alifanya nini?

(b) Zimeni vifaa vyote kwa saa nzima, kisha washeni friji peke yake kwa masaa matano. Imekula kiasi gani? Linganisha na kadirio langu la uniti 1 kwa siku.

(c) Orodhesha vifaa vyako binafsi, kokotoa uniti zake kwa mwezi, na uzidishe kwa bei ya kundi la mita yenu. Je, mchango unaotoa sasa unazidi au unapungua?

(d) Simama chumbani saa tisa alasiri. Gusa ukuta wa magharibi, kisha wa kusini. Eleza tofauti kwa sentensi mbili, kama unavyomweleza mwanafunzi wa kidato cha pili.

Wale tunaokwenda mazoezi ya kufundisha, zoezi (d) halihitaji maabara wala umeme. Hata shule isiyo na kitu ina ukuta wa magharibi.